Barua ya kwanza kwa kompyuta: namna ya kuiandika isivurugike ikifika steshenari

Anayeanza kujifunza kuandika kwa kompyuta hana haja ya kujua kila kitufe kilichopangwa juu ya skrini. Ana haja ya barua moja. Barua rasmi ya ukurasa mmoja inabeba karibu mambo yote ya msingi: anwani iliyokaa kulia, tarehe, kichwa cha barua, aya, jedwali dogo, nafasi ya sahihi. Akishaiweza hiyo, maombi ya kazi, muhtasari wa kikao, mtihani wa skuli na taarifa ya mradi ni kazi ile ile kwa sura nyengine.

Barua tutakayoitumia hapa ni ya ushirika wa wakulima wa mwani wa Micheweni, Pemba. Wanamuandikia Mkuu wa Wilaya, kupitia kwa sheha wao, kuomba eneo la kuanikia mwani. Ukiwa na barua yako mwenyewe, itumie hiyo, hatua hazibadiliki.

Jambo moja tutalirudia mpaka likukae, kwa sababu ndilo linaloharibu barua nyingi zinazopelekwa kuprintiwa Chake Chake, Wete au Darajani. Kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini, ni cha kutenganisha maneno tu. Si cha kusukuma anwani kulia, si cha kuweka kichwa katikati, wala si cha kupanga safu za majina. Kazi hizo zina amri zake, na ukizitumia barua itabaki ilivyo kwenye mashine yoyote.

Microsoft Word ndiyo iliyozoeleka maafisini. Kama kompyuta yako haina, weka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali na inapatikana libreoffice.org. Sehemu yake ya kuandikia inaitwa Writer, nayo inafungua na kuseva mafaili ya Word. Ni bora hiyo kuliko kuwekewa Word ya wizi, kwa sababu programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. Majina ya menyu tutayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, na pale Word na Writer zinapotofautiana tutasema.

Vidole kabla ya menyu

Pitisha vidole juu ya kibodi utafute F na J. Kila kimoja kina kinundu kidogo unachoweza kukihisi bila ya kutazama. Weka kidole cha shahada cha kushoto juu ya F na cha kulia juu ya J. Vilivyobaki vikae kwenye vitufe vya pembeni yake, na dole gumba likae juu ya kitufe cha nafasi. Hapo ndipo mikono inapoondokea na ndipo inaporudi.

Anza na maneno yanayoandikwa kwa mstari huo wa katikati peke yake: dada, kaka, lala, haja, shaka, kasha, ghala, dagaa, sadaka. Yarudie huku macho yako kwenye skrini. Herufi a ndiyo inayotumika zaidi katika Kiswahili, na kwenye kibodi imeangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakina nguvu. Mwanzoni kitachoka na utashawishika kukisaidia kwa kidole chengine. Usifanye hivyo, kwa sababu ukishazoea kuutoa mkono mahali pake kwa kila a, mwendo wako hautapanda. Dakika 15 kwa siku zinatosha, lakini ziwe za kila siku. Mstari wa katikati ukikukaa, ongeza wa juu wenye e, u, i na o, halafu wa chini.

Herufi kubwa moja inatoka kwa kushikilia Shift kisha kubonyeza herufi. Caps Lock iache kwa maneno mazima. Ukigundua umeshaandika aya nzima kwa herufi kubwa, usiifute: iteue, yaani buruta mausi juu yake huku umeshikilia kitufe cha kushoto, kisha bonyeza Shift na F3 mpaka irudi unavyotaka. Na kama tarakimu za upande wa kulia wa kibodi hazitoki, Num Lock imezimwa.

Karatasi kwanza

Kabla ya kuandika neno lolote, hakikisha ukurasa ni A4. Programu nyingi zimetengenezwa kwa kufuata Marekani na huja zikiwa na ukurasa unaoitwa Letter, ambao una upana wa sentimita 21.59 na urefu wa 27.94. A4 tunayoitumia sisi ina 21 kwa 29.7. Kwa macho hutaona tofauti, lakini printa inaiona. Ukipeleka barua ya Letter kwenye printa yenye A4, printa nyengine itasimama, taa iwake na kuzima, ikisubiri karatasi ambayo dukani haipo, na nyengine itaprinti huku maandishi yakikaa mahali tofauti na ulivyoyapanga.

Katika Word nenda Layout, kisha Size, kisha A4. Katika Writer nenda Format, kisha Page Style, kisha sehemu ya Page.

Hapo hapo panga pambizo, yaani nafasi tupu za pembeni. Barua inayokwenda afisini itatobolewa na kutiwa kwenye faili, kwa hiyo upande wa kushoto acha sentimita 3. Pande nyengine tatu zibaki 2.54. Ukiona vipimo vimeandikwa kwa inchi, katika Word nenda File, Options, Advanced, ushuke mpaka sehemu ya Display, ubadilishe kuwa Centimeters.

Seva kabla ya sentensi ya pili

Kompyuta ya mezani isiyo na betri inapokatikiwa na umeme, au uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zinapomalizika, kila ambacho hakijasevwa kimeondoka. Umeme wetu wa Unguja na Pemba unakuja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka 2008 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima. Kuseva hapa kwetu si jambo la kungojea mwisho wa kazi.

Andika mstari mmoja tu, halafu bonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Mara ya kwanza programu itakuuliza mambo mawili: jina na mahali. Mahali, chagua folda ya Documents. Jina, lipe litakaloeleweka baada ya miezi sita, kama Barua-mwani-eneo-DC-01. Jina la "barua" peke yake halifai, kwa sababu baada ya muda utakuwa na barua, barua1, barua mpya na barua mpya kabisa, na hutajua ipi ndiyo iliyopelekwa. Ukitaka kutia tarehe, usitumie mkwaju: Windows inakataa alama / \ : * ? " < > | ndani ya jina la faili. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa vistari, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe.

Baada ya hapo, kila ukimaliza aya bonyeza Ctrl na S. Haiulizi tena kitu. Word ina akiba yake inayojiweka yenyewe kila baada ya dakika 10. Iteremshe iwe 2 kwa kwenda File, Options, Save. Akiba hiyo inakusaidia umeme ukirudi, lakini usiitegemee badala ya Ctrl na S, maana si kila mara inapona.

Ukikosea jambo lolote, hata kama ukurasa mzima umetoweka mbele ya macho yako, usishituke wala usifunge programu. Bonyeza Ctrl na Z. Inarudisha nyuma hatua moja, na unaweza kuibonyeza mara nyingi. Kutoweka huko mara nyingi kunatokea hivi: umeteua maandishi yote, kisha kidole kimegusa herufi moja, na herufi hiyo ikachukua nafasi ya kila kilichoteuliwa.

Kuandika: mahali pa Enter na mahali pa nafasi

Wapo wanaobonyeza Enter kila wanapofika ukingoni mwa mstari. Kompyuta inateremka yenyewe. Enter ni ya kumaliza aya tu. Ukiibonyeza mwisho wa kila mstari, siku utakapoongeza neno moja katikati, mistari itakatika vipande vipande: mmoja mrefu, unaofuata una maneno mawili.

Koma na nukta zinagusana na neno lililotangulia, na nafasi moja inafuata. Wengi huandika neno, nafasi, kisha koma. Kwa kompyuta kila nafasi ni ruhusa ya kukata mstari, kwa hiyo koma ya namna hiyo inaweza kujikuta peke yake mwanzoni mwa mstari unaofuata. Kwa sababu hiyo hiyo, Sh. 150,000/= inaweza kukatika, Sh. ikabaki juu na tarakimu zikashuka. Kati ya Sh. na tarakimu, badala ya nafasi ya kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja. Nafasi hiyo haikatiki. Itumie pia kati ya S.L.P. na namba yake.

Kuteua maandishi: bonyeza mara mbili juu ya neno, litateuliwa neno. Mara tatu, katika Word itateuliwa aya nzima, na katika Writer sentensi. Writer inataka mara nne kwa aya. Ctrl na A inateua kila kitu. Ukishateua, Ctrl na C inakopi, Ctrl na X inakata, Ctrl na V inabandika. Maandishi uliyoyatoa WhatsApp ya kompyuta au kwenye tovuti huja na rangi na fonti zake, yaani sura za herufi. Yabandike kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua kubandika maandishi matupu, Keep Text Only katika Word, ili yafuate sura ya barua yako.

Anwani ya kulia, na kwa nini inahama

Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Fungua barua yoyote iliyoandikwa na mtu ambaye hakufundishwa, kisha katika Word bonyeza Ctrl, Shift na 8 (katika Writer ni Ctrl na F10). Skrini itaonyesha alama ambazo kwa kawaida hazionekani na haziprintiwi. Kila nafasi ni kitone kidogo kinachoelea katikati ya mstari. Kila Tab ni mshale. Kila Enter ni alama ya ¶. Kabla ya anwani utaona vitone hamsini, sitini, vimepangana: mtu alibonyeza kitufe cha nafasi mpaka "S.L.P." ikafika kulia. Mstari wa pili vitone vina idadi nyengine, kwa sababu alipima kwa jicho.

Kwenye skrini yake ilikaa sawa. Ilipofika steshenari, mashine ya pale haikuwa na fonti ile, ikaweka nyengine. Kila fonti ina upana wake wa herufi na wa nafasi, kwa hiyo vitone sitini vya fonti moja havina urefu sawa na sitini vya nyengine. Mstari mmoja ukazidi ukingo na kushuka, mwengine ukabaki nyuma, na anwani ikawa ngazi. Aliyekaa kwenye kompyuta ya steshenari hana kosa hapo.

Fanya hivi:

1. Andika mistari ya anwani ikiwa imekaa kushoto kabisa. Mwisho wa kila mstari, isipokuwa wa mwisho, bonyeza Shift na Enter badala ya Enter peke yake:

Ushirika wa Wakulima wa Mwani,
Shehia ya ……………,
S.L.P. ………,
Pemba.

2. Bonyeza popote ndani ya anwani. Katika Word fungua Layout, tafuta Indent, na kwenye Left andika 9 cm. Katika Writer ni Format, Paragraph, na kwenye Before text andika 9 cm.

3. Bonyeza Enter, andika tarehe.

Anwani yote itahamia kulia kwa pamoja, na mistari yake ikianzia mahali pamoja. Kwa pambizo tulizoweka, maandishi yana upana wa karibu sentimita 15.5, kwa hiyo anwani inabakiwa na sentimita 6.5. Jina la ushirika likiwa refu likakatika, punguza 9 iwe 8. Baada ya tarehe, bonyeza Enter na urudishe kipimo kuwa 0, ama sivyo barua yote itafuata kule kule kulia.

Shift na Enter ina sababu yake. Word inaongeza yenyewe nafasi tupu baada ya kila aya. Ukimaliza kila mstari wa anwani kwa Enter, kila mstari ni aya, na anwani inatawanyika. Shift na Enter inashuka mstari ndani ya aya ile ile, kwa hiyo mistari inashikana.

Usitumie amri ya kulaza kulia, Ctrl na R, kwa anwani. Inasawazisha mwisho wa mistari na kuacha mianzo yake ikipanda na kushuka, na anwani ya barua rasmi hupangwa kwa mianzo.

Anwani ya anayepelekewa inakaa kushoto: Mkuu wa Wilaya, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Chini yake, "Kupitia kwa:" na cheo cha sheha na shehia yake. Afisini wataitafuta sahihi na muhuri wa sheha karibu na hapo, kwa hiyo acha sehemu tupu ya kutosha. Nenda kwenye aya inayofuata, na katika sehemu ya Spacing weka Before iwe 48 pt, ambayo ni karibu sentimita 1.7. Kwa muhuri mkubwa weka 72 pt, sentimita 2.54. Njia hii inakupa nafasi inayopimika. Enter nne za kubahatisha zitabadilika ukubwa pamoja na fonti.

Kichwa na mwili wa barua

Andika kichwa kwenye mstari wake: YAH: MAOMBI YA ENEO LA KUANIKIA MWANI. Bonyeza Ctrl na E kikae katikati, kiteue, halafu Ctrl na B kiwe cheusi zaidi. Inatosha. Kukolezwa, kupigiwa mstari na kulazwa kwa pamoja hakuongezi uzito wa maombi, kunapunguza kusomeka.

Fonti iwe moja kwa barua yote. Times New Roman ukubwa 12 inakubalika kila afisi na ipo karibu kila mashine yenye Windows. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5 kama barua ni fupi, 1.15 kama ni ndefu.

Aya tatu zinatosha. Ya kwanza iseme nyinyi ni nani na mnaomba nini. Ya pili ieleze shida, kwa kipimo: mnaanika wapi sasa, mvua za masika zinaharibu nini, eneo mnalolitaka lina ukubwa gani. Ya tatu iseme mko tayari kufanya nini. Anayesoma barua nyingi kwa siku anataka ombi lijitokeze kwenye aya ya kwanza, si baada ya salamu za mistari kumi.

Ukianza mstari kwa "1." na nafasi, programu itajifanyia orodha, na kila Enter italeta namba inayofuata. Kutoka kwenye orodha, bonyeza Enter mara mbili. Kama hukutaka orodha, Ctrl na Z mara moja tu tangu namba ijipange inaiondoa na kuacha maandishi yako. Njia hiyo hiyo inatumika pale Word inapogeuza herufi i iliyo peke yake kuwa kubwa kama inavyotakiwa katika Kiingereza, au inapolipa herufi kubwa neno linalofuata nukta ya kifupisho.

Jedwali la wanachama

Ushirika utaambatanisha majina ya wanachama, kilo za mwani mkavu walizouza msimu uliopita, na sahihi. Orodha ya namna hii iliyopangwa kwa nafasi haipangiki hata kwa dawa, kwa sababu majina yana urefu tofauti. Tumia jedwali.

Nenda mwisho wa barua, bonyeza Ctrl na Enter ili uanze ukurasa mpya, kisha Insert, Table, chagua safu nne na mistari miwili. Kwenye mstari wa juu andika: Na., Jina kamili, Kilo, Sahihi. Tab inakupeleka chumba kinachofuata. Ukibonyeza Tab ukiwa chumba cha mwisho kabisa, mstari mpya unazaliwa, kwa hiyo huna haja ya kuhesabu wanachama mwanzoni. Vuta kistari kinachotenganisha safu kwa mausi: Na. iwe nyembamba, sentimita 1.2 hivi, na Sahihi iwe pana, angalau 4, maana watu wanatia sahihi kwa kalamu. Urefu wa mistari uwe sentimita 0.9 au 1; mstari ulioachwa kama ulivyo hautoshi sahihi ya mkono. Tarakimu za kilo zilaze kulia kwa Ctrl na R, ili makumi yakae chini ya makumi na kosa la kuandika lionekane kwa jicho.

Orodha ikizidi ukurasa mmoja, weka kielekezi, kile kimstari kinachowaka na kuzima, kwenye mstari wa juu wa jedwali, fungua Layout ya jedwali (iliyo upande wa kulia wa menyu), ubonyeze Repeat Header Rows. Vichwa vya safu vitajirudia kila ukurasa.

Jumla ya kilo Word inaweza kuifanya: bonyeza chumba cha chini cha safu hiyo, Layout ya jedwali, Formula, halafu OK kwenye =SUM(ABOVE). Mambo mawili yaangalie. Vyumba vitupu vya juu yake vitie 0, na kichwa cha safu kisiwe na tarakimu: ukiandika "Kilo 2025", ile 2025 inaweza kuingizwa kwenye jumla. Tena, ukibadilisha kilo za mtu baadaye, jumla haijibadilishi mpaka uiteue na kubonyeza F9. Kwa barua ya watu kumi na tano, kujumlisha kwa kikokotoo na kuandika jibu ni salama vile vile.

Mistari myekundu

Barua ya Kiswahili ikionekana imejaa mistari myekundu chini ya maneno, si kwamba umekosea. Programu inadhani unaandika Kiingereza. Bonyeza Ctrl na A, kisha Review, Language, Set Proofing Language, na uchague Kiswahili. Word huenda ikataka kupakua kamusi yake kwanza. Katika Writer njia ni Tools, Language, For All Text. Majina ya watu na ya vijiji yatabaki na mistari hata hapo. Mistari hiyo haitoki kwenye karatasi.

Kompyuta haijui kwamba "mwani" ulitakiwa na wewe umeandika "mwana". Soma barua mwenyewe kwa sauti, kisha mpe mwengine aisome. Majina ya wanachama yasomwe na wenyewe.

Kupeleka steshenari

Kabla ya kutoka nyumbani tengeneza faili la PDF: katika Word ni File, Save As, na kwenye aina ya faili chagua PDF, katika Writer ni File, Export As, Export as PDF. PDF inabeba fonti na mpangilio wake, kwa hiyo mashine ya dukani haina la kuhamisha. Chukua yote mawili, PDF ya kuprinti na faili la Word kama litahitajika sahihisho la dakika ya mwisho.

Kama unapeleka kwa WhatsApp, chagua Document. Ukipiga picha ya skrini na kuituma kama picha, WhatsApp inaibana na maandishi yanatoka na ukungu kwenye karatasi. Anayetumia Google Docs kwenye simu anaweza kutoa PDF huko huko, ingawa jedwali ni taabu kulipanga kwa kidole.

Kwa fleshi, sheria ni tatu. Usiandike barua moja kwa moja kwenye fleshi. Iandike kwenye kompyuta kisha kopi, kwa sababu fleshi ikichomolewa wakati faili liko wazi, faili linaweza kuharibika lisifunguke tena. Usiichomoe kabla ya kubonyeza Eject, maana kompyuta inaweza kuwa bado inaandika hata kama skrini inaonyesha imemaliza. Na ikirudi kutoka kwenye mashine ya watu, iskani kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua.

Wakati mwengine utafungua fleshi ukute mafolda yote yamegeuka vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni. Ni virusi. Usibonyeze hata kimoja, kwa sababu kukibonyeza ndiko kunakoviamsha. Mafaili yako kwa kawaida yamo humo humo, yamefichwa tu. Katika dirisha la mafaili fungua View, na utie alama kwenye Hidden items. Yakionekana, yakopi mafaili yenyewe bila ya vile vyenye mishale, uyaskani, na fleshi uisafishe. Yasipoonekana, usiiformat, yaani usiifute yote, mpaka mjuzi aitazame.

Dukani, omba kuona ukurasa kwenye skrini kabla ya kuprinti. Angalia kitu kimoja zaidi ya vyote: sahihi isiwe peke yake kwenye ukurasa wa pili. Ukurasa wenye sahihi tupu unaweza kupachikwa kwenye barua nyengine, na afisi nyengine hukataa. Ikitokea hivyo, rudi kwenye faili la Word, punguza nafasi ya mistari kutoka 1.5 hadi 1.15, au pambizo ya chini iwe 2. Isipotosha, fanya kinyume chake: sukuma aya ya mwisho yote iende na sahihi ukurasa wa pili.

Printi nakala moja kwanza, isome hapo hapo kwenye mwanga mzuri, halafu toa zilizobaki: moja ya Mkuu wa Wilaya, moja ya sheha, na moja ya faili la ushirika, ambayo mtaipigisha muhuri wa kupokelewa siku ya kuipeleka. Kabla ya kuondoka, futa faili lako kwenye kompyuta ya duka, kwenye folda ya Downloads na kwenye Recycle Bin pia. Kama ulifungua barua pepe au WhatsApp yako kwenye mashine ile, toka kabisa kwa Log out. Kufunga dirisha peke yake kunaiacha akaunti wazi kwa anayekaa baada yako.